Jirani, funga maji kwanza: niliyojifunza kwenye mabomba ya nyumbani

Watu wakisikia unatengeneza mabomba mwenyewe nyumbani wanadhani kazi yote iko kwenye spana. Mi naona spana ni robo ya kazi, tena robo ndogo. Kazi yenyewe ni kujua maji yanatokea wapi, yanapita wapi na yanafungiwa wapi, na kwenye nyumba nyingi hayo mambo hayajaandikwa popote, yako kichwani kwa jirani aliyekaa hapo kabla yako, aliyeona ukuta ukivunjwa, bomba likipitishwa, ukuta ukapigwa plasta tena. Ninapokaa ni jengo la familia kadhaa, bomba kubwa moja linaingia, linapanda, linagawanyika, wengine wanapata maji moja kwa moja wengine kupitia tangi la juu, halafu kila fundi aliyewahi kupita hapo kaongeza viungo, tii yake na elbo yake, anavyojua yeye, kwa hiyo ukifunga koki moja kwa nia nzuri kabisa ya kubadilisha mpira wa bomba la jikoni kwako, kuna mtu ghorofa ya juu kabaki na sabuni machoni na hajui amkasirikie nani.

Ndo maana mi kabla ya kushika kifaa chochote naanza na kupiga hodi.

Mzee wa chumba cha chini ndo mwenye habari zote. Koki kuu iko nyuma ya ngazi, chini ya mfuniko ambao watu wanapanga ndoo juu yake, na ni ile ya kizamani yenye kigurudumu cha kuzungusha mara nyingi, geti valvu. Nilipomuuliza, "Shikamoo babu, hii inafunga nyumba nzima au upande mmoja?" akajibu inafunga wote isipokuwa wale wa mwisho kule nyuma, halafu akaongeza, "Ila usiilazimishe mwanangu, haijaguswa siku nyingi hiyo." Hiyo sentensi ya pili ndo ya dhahabu. Ndani ya geti valvu kuna bamba la chuma linaloshuka kuziba njia ya maji, sasa ikikaa muda mrefu bila kuguswa kutu na ile chokaa ya maji vinalishika, ukitumia nguvu unakata mhimili, kigurudumu kinazunguka bure na bamba limebaki huko huko lilipo. Likibaki juu huwezi kufunga, likibaki chini jengo zima halina maji na wewe ndo umeshika kigurudumu mkononi.

Alivyoilegeza yeye ni hivi. Alipaka mafuta mepesi kidogo pale mhimili unapoingilia, akaacha, akaenda zake kufanya mambo mengine. Aliporudi akazungusha kidogo kufunga, akarudisha kidogo kufungua, tena kidogo kufunga, bila haraka, unaona kabisa kila safari inasogea zaidi ya iliyopita. Ilipokubali mpaka mwisho ikaanza kutoa jasho la maji pale kwenye mhimili, akakaza ile nati ndogo ya juu kiasi kidogo sana, jasho likakata. Na akanionyesha kitu kingine ambacho mafundi wengi hawakuambii, ukiifungua geti valvu mpaka mwisho irudishe kidogo nyuma, usiiache imebana kabisa juu, hapo siku nyingine haitakusumbua. Zile za kisasa zenye mkono wa robo zamu, unaogeuka robo duara tu, hazina maneno mengi hivyo ila nazo zizungushe mara mojamoja, koki isiyoguswa ni koki inayosubiri kukuaibisha siku ya mafuriko.

Baada ya hapo tukafanya zoezi moja ambalo ningependa kila jengo lifanye. Mtu mmoja anafunga koki, kila nyumba inafungua bomba na kupiga kelele "yamekata!" au "bado yanatoka!" Watoto waliipenda sana hiyo kazi. Tukagundua koki moja iliyokuwa inajulikana kama ya upande wa kushoto kumbe inafunga vyoo tu, jikoni haihusiki, na kuna bomba la nje la kufulia ambalo halifungwi na koki yoyote tuliyoijua isipokuwa ile ya kwenye mita. Dada wa ghorofa ya pili ana mwandiko mzuri, akachora kwenye kipande cha boksi, mistari na majina ya koki, tukakibandika nyuma ya mlango wa stoo. Kile kipande cha boksi kimeokoa ugomvi mwingi kuliko spana yoyote niliyowahi kuazima.

Sasa twende kwenye bomba linalodondosha, maana ndo ugonjwa wa kila nyumba. Kama ni koki ya kizamani ya kuzungusha, mara nyingi shida ni washa, ule mpira mdogo wa duara ulio chini ya mhimili, unaokandamizwa kwenye kiti chake kila unapofunga. Kijana wa nyumba ya nyuma alikuwa na spana malaya nzuri, ile ya kupanua na kubana mdomo, isiyolegea meno, akaja nayo na yeye mwenyewe akaja, maana alisema spana yake haitembei peke yake. Haya, unafunga maji, unafungua bomba yaliyobaki yamwagike, unaziba tundu la sinki kwa tambara. Hilo tambara si la urembo, skrubu ya koki ikidondoka kwenye tundu la sinki umejiongezea kazi nyingine kabisa. Halafu unatandika kitambaa pembeni na kila unachotoa unakilaza kwa mpangilio uliotoa, kutoka kushoto kwenda kulia, mfuniko, skrubu, mkono, nati, mhimili. Unaporudisha unasoma kinyume. Wengine wanapiga picha kwa simu, sawa pia, ila kile kitambaa kinakuonyesha kama kuna kitu kimebaki nje na picha haikwambii hilo.

Tulipotoa mhimili wa koki ile washa ilikuwa na mfereji umejichora wa duara, mahali palepale ilipokuwa inakandamizwa, na upande mmoja umekatika kipande kidogo kama punje. Kijana akasema hiyo ndo inayolia usiku kucha. Akanivuta mkono, weka kidole humo ndani, sikia kile kiti cha shaba, kama kina makovu. Na kweli, upande mmoja laini, upande mwingine kuna ukwaru unaoshika kucha. Hapo unaelewa kwa nini watu wanabadilisha mpira na baada ya muda mfupi bomba linaanza tena, mpira mpya unakaa juu ya kiti kibovu kinautafuna. Kuna kifaa cha kusagia kile kiti kiwe sawa, unakizungusha kwa mkono taratibu, unafuta vumbi la shaba, ndo unaweka mpira mpya. Kama ni koki ya robo zamu yenye vigae ndani hapo hakuna mpira wa kubadilisha, unabadilisha kile kitumbua chote cha ndani, yaani katriji, na lazima kifanane, urefu, meno ya juu, upande wa kuzungukia, vinginevyo koki inafunga kwa kufungua.

Na msikaze koki inayodondosha kwa nguvu mkidhani mnaisaidia. Kila mgeni anayekuja anabana zaidi, mpira unazidi kuliwa, mwisho kiti nacho kinakwenda.

Kuna watu wanasema tone ni tone tu. Sekunde za siku moja ni 86,400, kwa hiyo tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, usinibishie mimi, weka kikombe chini uone kinajaa lini. Ila ukweli ni kwamba bomba linalodondosha hata halitishi sana kwa sababu unaliona na unalisikia. Mwizi mkubwa ni choo. Lile tangi la flashi linaweza kuvujisha kimyakimya kuingia kwenye bakuli, maji yanateremka nyuma kwa utando mwembamba huyaoni, na boya linafungua kujaza tena, usiku na mchana.

Huu uvujaji ndo ulitusumbua sisi, na hapa ndo utaona jirani anavyohitajika hata kama kila mtu ana vifaa vyake. Mita ni moja. Ilikuwa inakimbia na kila mmoja anaapa kwake hakuna shida. Tukakubaliana usiku mmoja, watu wote wameshaoga, wameshachota ya kunywa, kila mtu afunge, hakuna kuflashi mpaka tuseme. Kwenye mita nyingi kuna kigurudumu kidogo au kipembetatu kinachozunguka hata maji yakipita kidogo sana, tukapiga tochi, kinazunguka. Taratibu, lakini kinazunguka. Basi tukawa tunafunga koki moja moja kwa kufuata ile ramani ya boksi, mmoja kwenye mita anaangalia mwingine kwenye ngazi anafunga, mpaka tulipofunga ile ya vyoo kipembetatu kikasimama. Bila ramani tungekesha.

Ila vyoo ni vingi, ni cha nani? Mama wa ghorofa ya juu ndo alikuwa na akili ya siku hiyo, akasema tuweke rangi. Unatia rangi kidogo kwenye tangi la flashi, rangi ile ya chakula inatosha, usiguse kama nusu saa, halafu unaangalia bakuli. Kila nyumba ikatia, ikasubiri. Waliokuwa wanaapa sana ndo bakuli zao ziligeuka rangi, sitaji nani. Na tiba yenyewe haikuwa kubwa, ni mpira wa chini unaofunika tundu la flashi umekakamaa au una utelezi wa uchafu, unaufuta, unafuta na pale unapokalia, ukigoma unabadilisha. Kingine ni mnyororo au uzi wake, ukiwa mfupi unaushikilia mpira usikae vizuri, ukiwa mrefu unaingia chini ya mpira wenyewe. Kwingine boya lilikuwa limewekwa juu mno, maji yanapanda mpaka yanaingia kwenye lile bomba la ziada la katikati, hapo hubadilishi kitu, unashusha boya tu, maji yasimame kama inchi moja chini ya mdomo wa lile bomba.

Tuje kwenye vipimo maana hapa ndo pesa za watu zinapotea. Bomba la nusu inchi halina nusu inchi popote utakapoweka rula. Uzi wa koki ya nusu inchi kwa nje ni karibu milimita 21, na wa robo tatu ni kama milimita 26. Majina ni ya zamani, yalihusu tundu la ndani la bomba za chuma za wakati huo, jina likabaki. Halafu zile za plastiki za kuchomelea, PPR, zenyewe zinaitwa kwa kipimo cha nje, ya milimita 20 ndo inayokwenda na koki za nusu inchi, ya 25 inakwenda na robo tatu. Kwa hiyo usiende dukani na maneno, nenda na kile kitu kibovu chenyewe mfukoni, kimefungwa kwenye mfuko kama kina uchafu. Jirani yangu mmoja yeye ana kopo, kila koki iliyokufa anaitoa nati na washa na vipande vinavyofaa anatupia humo, na mara nyingi jibu la shida ya mtu liko kwenye lile kopo, unakaa naye kizingitini mnachambua.

Tepu sasa. Ile nyeupe nyembamba ya kuzungushia uzi. Kila mtu ana imani yake kuhusu tepu na karibu wote wanaitumia vibaya. Shika kipande chenye uzi kikutazame wewe, tepu zungusha kwa mwendo wa saa, yaani upande uleule kitakachozungukia kikiingia, ili ukikaza ijibane zaidi badala ya kujikunja na kutoka. Vuta kidogo ikamate mifereji. Zungusha mpaka uzi uanze kupotea machoni ila ukipitisha kidole bado unausikia. Acha uzi wa kwanza wa mbele wazi usije kipande cha tepu kikakatika kikaingia ndani, kitaenda kuziba kule mbele kwenye bafu ya mtu. Na kubwa kuliko yote, panapozibwa na mpira tepu haihusiki. Ile hozi nyumbufu inayotoka ukutani kwenda kwenye tangi la flashi ina mpira wake ndani ya nati, huo mpira ndo unaziba, nati kazi yake ni kukandamiza tu. Ukiweka tepu pale unaongeza unene, nati haifiki mwisho, mpira haukandamizwi, panavuja, unaongeza tepu, panavuja zaidi. Nimeona mtu mzima anagombana na hozi mchana mzima kwa sababu hiyo, akaja binti wa jirani akatoa tepu yote, akakaza kwa mkono na robo zamu ya spana, pakakauka.

Hiyo robo zamu nayo tuielewe. Nati za plastiki hazitaki misuli. Tuna kaka mmoja hapa jirani ana nguvu na ana moyo, akiitwa anakuja hapohapo, lakini yeye kila kinachovuja dawa yake ni kukaza. Akakaza nati ya plastiki chini ya sinki mpaka ikalia tak. Sasa tunamwita kwa kazi zake, kufungua vilivyogoma, kushika sinki zito lisidondoke, kukata kwa msumeno, na kukaza anakaza mwingine. Naye ameshakubali, anacheka tu.

Kuchomelea PPR ni kazi ya watu wawili, asikudanganye mtu. Mashine tuliazima. Inapashwa mpaka karibu digrii 260, bomba unaingiza upande mmoja na soketi, kile kiungo kinachopokea bomba, upande mwingine kwa wakati mmoja, ya milimita 20 unahesabu sekunde 5, ya 25 sekunde 7, unachomoa vyote viwili na unavikutanisha moja kwa moja bila kuzungusha, unashikilia kimya mpaka vishikane. Ukizidisha muda plastiki inayeyuka inaingia ndani na tundu linabaki dogo, ukipunguza haishiki sawasawa na itakuja kuachia baadaye ukiwa umelala. Mtu wa pili anahesabu kwa sauti na anashika upande wa pili, maana mara nyingi kiungo kiko kwenye kona ya ukuta, shingo imepinda, mashine ya moto iko mkono mmoja. Kabla ya hayo weka alama kwa kalamu pale bomba linapotakiwa kuishia ndani ya soketi, na kama ni elbo chora mstari kwenye bomba na kwenye elbo kuonyesha inatazama wapi, ikishashika haigeuki tena. Na bomba liwe kavu. Kavu kabisa. Tone moja likiteremka wakati unachomelea linageuka mvuke na kiungo kinakuwa na matundu, kwa hiyo jirani wa juu asifungue chochote na bomba la chini kabisa ya jengo liachwe wazi lijimwage lote.

Tuguse presha kidogo. Familia ya juu walikuwa wanalalamika bafu lao ni dhaifu na wakataka ukuta uvunjwe, bomba limeziba. Hesabu yake ni rahisi, kila mita 10 za kwenda chini kutoka usawa wa maji ya tangi zinakupa presha ya kama baa 1. Tangi likiwa mita 2 juu ya bafu lako una kama baa 0.2, hiyo ndo riziki yako, wa chini kabisa anafaidi zaidi kwa sababu tu yuko chini. Hakuna ukuta wa kuvunja. Tulichofanya ni kufungua kichwa cha bafu, kilikuwa kimejaa chembe za mchanga na chokaa, kikalazwa kwenye siki, kikasafishwa na pini, nafuu ikaonekana. Iliyobaki ni kuinua tangi au kuweka pampu na hiyo ni ya mwenye jengo.

Maji machafu ni mada nyingine na hapa ujirani unajaribiwa kwelikweli. Ile kona iliyopinda chini ya sinki, trapu, wengi wanadhani ipo ili kudaka pete na vijiko. Kazi yake ni kubaki na maji muda wote yazibe harufu ya huko chini isipande, wazo la kupinda bomba hivyo chini ya choo lilipewa hataza mwaka 1775, la mtengeneza saa mmoja wa Uskoti aitwaye Alexander Cumming, na mpaka leo bado linatumika. Kwa hiyo kama chumba kisichotumika kinanuka, kabla ya kuita mtu mwaga maji kwenye sinki na tundu la sakafuni, huenda trapu imekauka tu.

Sinki likiziba anza na trapu, ndoo chini, fungua kwa mkono. Ukikuta ni safi ina maana tatizo liko mbele, na hapo nenda kwa jirani. Muombe asikilize. Ukimwaga maji kwako na sinki la wa chini linabwabwaja au linapandisha, kizuizi kiko baada ya mnapokutana, na hakuna kiasi cha kupampu kwako kitakachosaidia, mtamrushia yeye uchafu. Tulishaona hilo, bahati nzuri mama wa chini alikuwa kasimama pale na sahani ya kuziba tundu lake, anapiga kelele "Acha, acha, yanakuja huku!" Ukipampu ziba tundu la juu la sinki, lile la kuzuia lisifurike, kwa tambara lililoloa, na jirani mnayeshirikiana naye bomba azibe lake, la sivyo unasukuma hewa tu. Pampu iwe imezama kwenye maji. Mvuto wa kurudi juu ndo unaofanya kazi kuliko kusukuma.

Dawa za kuzibulia mi nazikwepa, na kama mtu ameshamwaga lazima aseme, hii si siri ya kuficha, maana anayekuja kufungua trapu itammwagikia mikononi na usoni. Na msichanganye, huyu kaleta yake huyu kaleta yake. Dawa ya kung'arishia yenye klorini ikikutana na tindikali ya kusafishia choo inatoa gesi ya klorini, bafuni padogo dirisha limefungwa, hiyo ni hatari ya maisha. Kwetu tulifikia mahali pa kuulizana nani anamwaga mafuta ya kupikia kwenye sinki na jibu lilikuwa wote. Sasa mafuta yanakwenda kwenye kopo, na kwenye chemba ya nje tunafungua mfuniko mara mojamoja kuangalia kabla haijaziba.

Kuna kazi ambazo spana naiweka chini. Hita ya maji ya umeme, ukiacha kuzima breka na kufunga maji yake, siigusi ndani. Ya gesi ndo kabisa. Ile valvu ndogo ya usalama pembeni ya hita ikidondosha kidogo wakati inapasha msiizibe hata kwa mzaha, maji yakipashwa yanatanuka na lazima presha ipate pa kutokea, kama inamwaga mfululizo ita fundi. Bomba lililopasuka ndani ya ukuta wenye nyaya, fundi. Bomba kuu kabla ya mita, hilo si letu hata kidogo. Mzee wa chini ndo mkali kwenye hili, akiona mtu anavuka anamwambia "hapo mwanangu shuka", na hakuna anayembishia.

Adabu ya kuazima sitaichambua sana, kila mtu anaijua, rudisha kifaa kikavu na kilichofutwa, na ukinunua washa nunua za ziada utie kwenye lile kopo. Cha kuongezea ni saa. Waambie watu unafunga saa ngapi na unafikiri utafungua saa ngapi, halafu ongeza muda juu yake maana kuna nati itagoma, wajaze ndoo, na usianze kazi ya koki jioni maduka yakiwa yanafunga.

Na siku ya kufungulia msifungue kwa pupa. Koki kuu inafunguliwa kidogo, kila nyumba imefungua bomba moja, vile vichujio vya mdomoni vimetolewa, hewa inatoka kwanza inakohoa, halafu maji ya kahawia yenye vipande vya kutu, halafu yanatulia. Wakifunga wote ndo unamalizia kufungua. Viungo vipya unavipitia na karatasi ya chooni kavu, jicho linadanganya ila karatasi ikilowa imelowa, unaanzia juu unashuka kwa sababu maji yanatembea kwenye bomba na yanadondokea mbali na yanapovuja. Halafu tunasoma mita usiku watu wakilala na kuisoma tena alfajiri kabla ya wa kwanza kuamka, na namba zikifanana yule kijana anakuja kuchukua spana yake.